Kurudisha Simu Kwenye Toleo la Zamani la Mfumo: Mwongozo Kamili kwa Mafundi na Wenye Simu wa Mtwara na Lindi

Toleo jipya la Android au iOS linapotoka, haupiti muda mrefu kabla mafundi simu wa Mtwara mjini, Masasi, Newala na Lindi hawajaanza kupokea wateja wenye ombi moja: simu imekuwa nzito, chaji haifiki jioni, programu fulani imegoma kufunguka, basi fundi airudishe ilivyokuwa. Ombi hilo linaeleweka, na katika baadhi ya simu linawezekana kabisa. Hata hivyo, kinachoamua kama simu itarudi nyuma si ustadi wa fundi wala ubora wa kompyuta yake. Ni namba au saini ambayo mtengenezaji ameiweka kati ya simu na faili la mfumo, na ambayo kwa kawaida haizungukiki. Fundi anayeikagua namba hiyo kabla ya kugusa chochote humpa mteja jibu la kweli kwa dakika chache, hata kama jibu lenyewe ni hapana. Anayeanza kuflashi, yaani kuandika mfumo upya kwenye simu, kwanza na kuuliza baadaye hubaki na simu iliyokufa mezani na mteja aliyepoteza picha za watoto wake.

Hakikisha kwanza kwamba mfumo ndio wenye kosa

Simu iliyotoka kusasishwa hufanya kazi nyingi za chinichini kwa siku kadhaa, kwa kuwa huandaa upya programu zote ili ziendane na mfumo mpya na hupanga upya orodha ya picha na mafaili yake. Katika siku hizo hupata joto na kula chaji, kisha hutulia yenyewe. Mteja aliyesasisha juzi ashauriwe kusubiri wiki ipite. Baada ya hapo ikaguliwe nafasi ya kuhifadhia, maana simu iliyojaa hadi ukingoni huwa nzito katika toleo lolote, na ikaguliwe betri. Kwenye iPhone hali ya betri husomeka katika mipangilio tangu toleo la iOS 11.3 la mwaka 2018, na ikionyesha chini ya asilimia 80, kinachohitajika ni betri mpya. Mfumo wa zamani hautaifufua betri iliyochoka.

Mara nyingine kosa liko katika programu moja tu. Mwezi Machi 2021 programu nyingi kwenye simu za Android duniani kote zilianza kujifunga zenyewe, na watu wengi waliamini kwamba mfumo umeharibika. Chanzo kilikuwa sasisho la kipande kimoja kiitwacho Android System WebView, na tiba ilikuwa kuliondoa sasisho hilo kwenye orodha ya programu, kazi isiyofikia dakika tano. Kwa sababu hiyo napenda fundi ajaribu mambo haya kwa mpangilio: kuondoa sasisho la programu inayosumbua, kuiwasha simu katika hali salama (safe mode, ambamo programu zilizoongezwa na mwenye simu hazifanyi kazi) ili kuona kama inatulia, na mwisho kuifuta simu yote na kuianzisha upya katika toleo lilelile. Matatizo mengi huishia hapo, na simu hubaki na viraka vyake vya usalama, yaani marekebisho yanayoziba matundu ya usalama.

Kwa nini simu hukataa kurudi nyuma

Mtengenezaji anapoziba tundu la usalama, hataki mwizi aweze kuliweka tena toleo la zamani ili apitie kwenye tundu lilelile. Kwa hiyo, tangu Android 8.0, Google imeweka katika mpango wake wa kuhakiki mfumo wakati wa kuwaka namba ya kuzuia kurudi nyuma. Namba hiyo huhifadhiwa mahali ambapo mtumiaji hawezi kupafikia, na katika simu kadhaa huandikwa kwa kuunguza fyuzi ndogo ndani ya chipu, ambazo zikishaungua hazirudi. Kila faili la mfumo nalo hubeba namba yake. Simu inapowaka hulinganisha namba mbili hizo, na ikiona kwamba ya faili ni ndogo kuliko ya kwake, hukataa kuendelea. Mfano unaojulikana ni wa Agosti 2022, Google ilipotoa Android 13 kwa ajili ya Pixel 6, Pixel 6 Pro na Pixel 6a: sasisho hilo lilipandisha namba ya butiloda, yaani programu ndogo inayoanzisha mfumo simu inapowaka, na simu iliyolipokea haikuweza tena kurudi kwenye Android 12.

Apple hutumia njia nyingine. iPhone inaporejeshewa mfumo, kompyuta huwasiliana na seva za Apple kuomba saini ya toleo hilo kwa ajili ya simu hiyo. Apple huendelea kulitia saini toleo lililopita kwa muda mfupi tu, mara nyingi wiki moja au mbili baada ya jipya kutoka, kisha huacha. Baada ya hapo, hata kama faili la zamani liko kamili kwenye kompyuta yako, simu haitalipokea.

Kuna jambo jingine ambalo mteja anapaswa kuambiwa waziwazi kabla ya kukubaliana bei: data haibaki. Kwenye Android, funguo zinazolinda data hufungamanishwa na toleo la mfumo na tarehe ya kiraka cha usalama, na mfumo wa zamani hauwezi kuzitumia funguo zilizokwisha kupandishwa na mfumo mpya. Simu iliyorudishwa nyuma bila kufutwa huzunguka kwenye nembo ya kuwaka bila kufika popote. Fundi anayeahidi kurudisha toleo na kuacha picha zikiwa palepale anaahidi asichoweza kukitimiza.

Simu ya mkopo isiguswe

Simu nyingi siku hizi hununuliwa kwa kulipia kidogokidogo, na ndani yake mna ulinzi unaomwezesha mkopeshaji kuifunga malipo yakichelewa. Kwenye Samsung ulinzi huo huonekana katika hali ya kupokea mfumo (Download Mode, ambayo namna ya kuiingia imeelezwa chini katika sehemu ya Samsung), pale kwenye maandishi madogo ya juu, kwenye mstari unaoanza na KG STATE. Ukikuta hapo neno Active au Locked, simu bado iko chini ya mkopeshaji, na kazi iishie hapo. Mteja amalize deni kwanza, mkopeshaji aifungue rasmi, ndipo habari ya toleo izungumzwe. Fundi anayelazimisha hujiingiza katika mgogoro wa mkataba usiomhusu, na simu yenyewe huweza kujifunga mara tu inapoipata intaneti.

Maandalizi

Anza na data. Namba za watu zihamishiwe kwenye akaunti ya Google au iCloud, kwa sababu laini ya simu huchukua namba chache na hukata majina marefu. Picha na video zinakiliwe kwenye kompyuta kwa waya, kisha mteja mwenyewe afungue baadhi yake na kuthibitisha kwamba zinaonekana. WhatsApp ina hifadhi yake inayotengenezwa ndani ya mipangilio ya gumzo. Itengenezwe siku hiyohiyo, na folda yake kwenye simu za Android inakiliwe pia kwenye kompyuta kama akiba ya pili. Kwa mwenye iPhone hali ni ngumu zaidi, kwani nakala kamili ya simu iliyotengenezwa katika iOS mpya haikubali kurejeshwa kwenye iOS ya zamani. Atakachopata tena ni vile vilivyolandanishwa na iCloud kimojakimoja, kama picha, namba za watu na madokezo.

Akaunti zifuatie. Kwenye Android, akaunti ya Google iondolewe kupitia mipangilio kabla ya kuanza, na mwenye simu akumbuke barua pepe na nenosiri lake. Tangu Android 5.1 kuna ulinzi unaodai akaunti ya mwisho iliyokuwemo pale simu inapofutwa kwa njia isiyo ya kawaida, na wateja wengi akaunti zao zilifunguliwa na muuzaji wa simu miaka iliyopita, hata hawajui kwamba zipo. Kwenye iPhone, kipengele cha kutafuta simu iliyopotea kizimwe, nacho hudai nenosiri la akaunti ya Apple. Kama mteja halijui nenosiri, lirudishwe kwanza wakati simu bado inafanya kazi na inaweza kupokea ujumbe wa uthibitisho.

Laini itolewe na kuwekwa kwenye kitochi. Huduma za fedha zinazopatikana kwa kupiga namba ya menyu, kama M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa, hufanya kazi kwenye simu yoyote yenye laini hiyo, kwa hiyo mwenyewe hatakwama. Katika mikoa yetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishapamba moto, simu ya mkulima wa Tandahimba au Ruangwa ndiyo inayopokea ujumbe kwamba malipo yameingia benki, na simu ya karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hupigwa kutwa nzima na wakulima wanaoulizia mzigo wao ulioko ghalani. Ushauri wangu ni kwamba simu ya mtu wa namna hiyo isirudishwe toleo wakati wa msimu kama tatizo lake linavumilika. Kazi hii inaweza kusubiri hadi minada ifungwe.

Kisha piga *#06# na uandike pembeni namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, zote mbili kama simu ina laini mbili, ukizilinganisha na zilizo kwenye boksi. Karatasi hiyo utaihitaji mwishoni.

Kuhusu vifaa, kompyuta mpakato yenye betri nzima ni bora kuliko kompyuta ya mezani, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya uandishi, sehemu ya mfumo huachwa nusu. Simu iwe na chaji ya asilimia 60 au zaidi. Waya uwe wa data, mfupi na mzima, na uchomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyio. Tundu la chaji la simu nalo likaguliwe kwa makini. Huku pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani na Msimbati, hewa ya chumvi hula vituo vya tundu hilo, na uchafu mdogo wa kijani hujijenga ndani yake bila mwenye simu kujua, kwa kuwa chaji bado inaingia. Chomeka waya, fungua folda ya simu kwenye kompyuta, kisha utikise kichwa cha waya taratibu kwa kidole. Folda ikipotea na kurudi, safisha au badilisha tundu kwanza. Unganisho linalokatika kwa sekunde moja halimsumbui anayechaji, lakini kwa anayeandika mfumo linatosha kuiua simu.

Mafaili ya mfumo ni makubwa, mengi yakiwa kati ya GB 3 na 10. Bando la usiku au mtandao wa ofisi wenye kasi ndio unaofaa, pamoja na programu ya kupakua inayoweza kuendelea pale ilipokatikia. Pakua mafaili mawili: la toleo unalolitaka na la toleo lililopo sasa kwenye simu. Hili la pili wengi huliacha ili kuokoa bando, nalo ndilo litakalokuokoa toleo la zamani likikataa katikati ya safari na simu ikabaki haina mfumo wowote.

Samsung

Simu za Samsung ndizo zilizo wazi zaidi katika jambo hili, kwa kuwa jibu limeandikwa kwenye namba ya toleo lenyewe. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya habari za simu, kisha habari za programu, au piga *#1234#. Tuchukue mfano wa kufundishia wenye muundo huu: A125FXXU3CVH1. Herufi na tarakimu za mwanzo, A125F, ni modeli. Zinafuata XX, kisha U. Tarakimu inayofuata, ambayo ni ya tano ukihesabu kutoka mwisho, ndiyo tunayoitafuta: hapa ni 3, nayo ni namba ya ulinzi ya butiloda. Herufi C inaonyesha hatua ya mfumo, ambayo hupanda simu inapopokea toleo kubwa jipya. V ni mwaka 2022, H ni mwezi wa nane, na 1 ya mwisho ni namba ya toleo ndani ya mwezi huo. Mwaka husogea herufi moja mbele kila mwaka, hivyo U ilikuwa 2021, W ni 2023 na X ni 2024.

Kanuni ni kwamba unaweza kwenda kwenye faili lolote la modeli hiyohiyo ambalo tarakimu yake ya tano kutoka mwisho ni sawa na ya simu au kubwa kuliko hiyo. Simu yetu ya mfano itapokea faili lenye 3 hata kama ni la Android iliyotangulia, na itakataa lenye 2. Namba ikishapita 9, huendelea kwa herufi A, B na kuendelea. Tovuti kama SamFw na SamMobile huorodhesha matoleo ya zamani kwa modeli na kwa eneo, hivyo swali la kwanza la mteja hujibiwa kwa kutazama orodha hiyo kabla hata ya kununua bando. Modeli ilingane herufi kwa herufi, maana A125F na A125U ni simu mbili tofauti ndani, ingawa kwa nje zinafanana.

Kazi yenyewe hufanyika kwa programu ya Odin kwenye kompyuta ya Windows iliyowekewa draiva za Samsung, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuitambua simu. Fungua faili ulilopakua na utoe vilivyomo. Utapata mafaili yanayoanza na BL, AP, CP na CSC, pamoja na HOME_CSC. Zima simu, bonyeza kitufe cha kuongeza sauti na cha kupunguza kwa pamoja, na huku umevishikilia uchomeke waya uliounganishwa na kompyuta. Kioo kikitoa onyo, achia, kisha bonyeza kuongeza sauti ili kukubali. Kwenye Odin, kisanduku cha juu kushoto kitabadilika rangi na kuonyesha namba ya COM. Kisipobadilika, tatizo ni draiva au waya, usiendelee.

Weka kila faili mahali pake kwa kufuata herufi zake za mwanzo. Faili la AP huchukua muda kuingia kwa sababu Odin hulihakiki kwanza, na dirisha linaweza kuonekana kama limeganda, liache likamilishe. Kwenye nafasi ya CSC weka faili la CSC lenyewe, usiweke HOME_CSC, kwa kuwa hilo la pili huacha data ya zamani mahali pake, na tumekwisha kuona kinachotokea mfumo wa zamani unapokutana na data mpya. Katika vichaguzi, kuanza upya na kurekebisha muda vibaki vimewekwa alama, na kile cha kugawa upya hifadhi kisiguswe kabisa. Anzisha, kisha uiache simu mezani bila kuisogeza. Ikimaliza vizuri, kisanduku hugeuka kijani na kuandika PASS. Mara ya kwanza kuwaka simu huchukua dakika kadhaa kwenye nembo, na hali hiyo ni ya kawaida.

Kwa kuwa faili ni rasmi na lina saini ya Samsung, butiloda haihitaji kufunguliwa, na alama ya ulinzi wa Knox haiharibiki. Fundi anayetaka kuifungua butiloda kwa ajili ya kazi hii tu anaongeza hatari bila faida.

Tecno, Infinix na itel

Hizi ndizo simu zilizo mikononi mwa watu wengi huku kwetu, na ndizo zinazoharibika zaidi kwa kurudishwa toleo, kwa sababu hazina kipimo cha wazi kama kile cha Samsung. Jambo la kwanza ni kujua chipu. Zenye MediaTek hutumia programu ya SP Flash Tool na faili la mfumo lenye ramani ya hifadhi iitwayo scatter. Zenye Unisoc hutumia programu nyingine kabisa na faili moja lenye mwisho wa PAC. Jambo la pili ni kulinganisha namba kamili ya toleo iliyo kwenye mipangilio na ile ya faili, kwa kuwa simu mbili zenye jina moja dukani huweza kutofautiana kwa herufi moja mwishoni mwa modeli, na herufi hiyo ikamaanisha kioo au ubao mwingine.

Kwenye SP Flash Tool kuna chaguo tatu za uandishi, na hapa ndipo ninapomsihi fundi asimame asome. "Download Only" huandika sehemu zilizochaguliwa tu. "Firmware Upgrade" huhifadhi kwanza sehemu nyeti za simu, huandika mfumo, kisha huzirudisha. "Format All + Download" hufuta kila kitu, pamoja na eneo la NVRAM linalobeba IMEI na vipimo vya redio. Simu iliyopita katika chaguo hili la tatu huwaka vizuri, hucheza video vizuri, lakini haina mtandao, na ukipiga *#06# huonyesha IMEI batili au haionyeshi kitu. Kwa kurudisha toleo, tumia "Firmware Upgrade". Kabla ya hapo, soma na uhifadhi nakala ya sehemu ya NVRAM kwenye kompyuta, kwa kuwa nakala hiyo hairudiki kutoka kwenye simu nyingine.

Uzito wa jambo hili unavuka meza ya fundi. Kuchezea IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na Juni 2016 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizima simu zenye IMEI bandia nchi nzima. Simu halali ya mteja isipelekwe kwenye kundi hilo kwa kubonyeza chaguo lisilofaa.

Baada ya kuchagua, bonyeza kitufe cha kupakua kwenye programu, kisha chomeka simu ikiwa imezimwa. Mstari mwekundu ukifuatiwa na wa njano ni dalili njema, na alama ya kijani mwishoni ni ya kukamilika. Sehemu iitwayo preloader isiandikwe kama huna uhakika kamili kwamba faili ni la simu hiyohiyo, kwa kuwa preloader isiyolingana huizima simu isionyeshe hata alama ya chaji. Simu mpya za MediaTek hudai pia idhini ya mtengenezaji kabla ya kuandikwa. Ikidaiwa, mpeleke mteja kwenye kituo cha huduma cha kampuni, kwani programu za kuvunja ulinzi huo zinazozunguka kwenye flashi za mafundi hazijulikani zimebeba nini kingine ndani.

Xiaomi na Pixel

Simu za Xiaomi na Redmi zenye butiloda iliyofungwa hazipokei toleo la nyuma kwa njia ya kawaida. Kuifungua kunahitaji kibali cha Xiaomi na muda wa kusubiri, ambao kwa miaka mingi ulikuwa saa 168, na hufuta data yote. Kampuni hiyo ilianza kuweka namba ya kuzuia kurudi nyuma mwaka 2018. Katika hali ya fastboot, ambamo simu hupokea amri kutoka kwenye kompyuta, amri ya "fastboot getvar anti" huonyesha namba ya ulinzi ya simu, na faili lenye namba ndogo kuliko hiyo linaweza kuiua simu kabisa. Kwenye programu ya MiFlash, angalia chini ya dirisha uhakikishe kwamba hukuacha chaguo la kufuta na kufunga butiloda likiwa limewekwa alama, maana kuifunga juu ya mfumo usiolingana na eneo la simu huiacha ikikataa kuwaka.

Pixel ina njia safi zaidi: Google huweka mafaili yote rasmi hadharani, na tovuti ya flash.android.com huandika mfumo kupitia kivinjari. Butiloda lazima ifunguliwe kwanza, na ifungwe tena mwishoni mfumo ukiwa ni ule rasmi mtupu, kwa kuwa programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi juu ya butiloda iliyo wazi.

iPhone

Tazama kwanza kama dirisha la saini bado liko wazi. Tovuti ya ipsw.me huonyesha kwa kila modeli matoleo ambayo Apple bado inayatia saini. Kama unalolitaka halimo, mwambie mteja hapana na usipokee fedha yake, kwa sababu hakuna njia ya kawaida ya kulilazimisha.

Kama limo, pakua faili la mfumo wa iPhone, liitwalo IPSW, la modeli husika. Kwenye kompyuta ya Mac tumia Finder, na kwenye Windows tumia iTunes au programu ya Apple Devices. Kwa iPhone 8 na zinazofuata, bonyeza na uachie haraka kitufe cha kuongeza sauti, kisha cha kupunguza, halafu shikilia kitufe cha pembeni mpaka picha ya waya na kompyuta ionekane kwenye kioo. Nembo ya Apple ikitokea mapema usiachie. Kwenye iPhone 7 hushikiliwa kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwasha, na kwenye 6s na za nyuma yake, kitufe cha nyumbani pamoja na cha kuwasha. Dirisha likifunguka, bonyeza kitufe cha kurejesha huku umeshikilia Option kwenye Mac au Shift kwenye Windows, kisha uchague faili lako. Bila kushikilia kitufe hicho, kompyuta itapakua na kuweka toleo jipya kabisa, na kazi itakuwa bure.

Intaneti lazima iwepo muda wote kwa ajili ya saini, hata kama faili liko tayari kwenye kompyuta. Ukiruhusu kompyuta ipakue yenyewe na kupakua kukazidi dakika 15, simu hutoka katika hali ya kurejeshewa mfumo na utalazimika kuanza upya. Kwa mtandao wetu, faili liwepo kabla.

Ikikwama njiani

Usiwe na haraka ya kuchomoa. Mstari uliosimama kwa dakika chache kwenye sehemu kubwa ya mfumo huenda bado unaandika. Kwenye Samsung, soma maandishi mekundu kwenye kioo cha simu: yakianza na SW REV CHECK FAIL, yakifuatiwa na namba ya ulinzi ya simu na ya faili, umejaribu faili lenye ulinzi wa chini, na hakuna waya wala kompyuta itakayobadilisha jibu hilo. Rudisha lile faili la pili ulilopakua, la toleo lililokuwepo, na simu itawaka tena. Kosa likija bila maandishi hayo, badilisha waya, badilisha tundu la kompyuta, na pakua upya faili kama ukubwa wake haulingani na ule uliotajwa kwenye tovuti.

Baada ya simu kuwaka

Piga *#06# na ulinganishe na karatasi yako. Tuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, uone kama jina la kampuni na modeli vinarudi sawasawa. Weka laini zote, piga simu na upokee, washa intaneti, jaribu kamera mbili, alama ya kidole na spika, mteja akiwa anaona. Rejesha WhatsApp kwanza kabla ya kuingiza kitu kingine, kwa namba ileile na akaunti ileile ya Google au iCloud.

Mwisho zima sasisho la kujiendesha, la sivyo simu itajipandisha yenyewe usiku ikiwa kwenye chaji. Kwenye Samsung ni chaguo la kupakua kwa Wi-Fi ndani ya sehemu ya masasisho, na kwenye Android nyingine huzimwa pia ndani ya chaguo za wasanidi. Kwenye iPhone zima kupakua na kusakinisha, vyote viwili. Mweleze mteja kwamba arifa ya kusasisha itaendelea kuja na kwamba asiibonyeze kwa bahati mbaya. Mweleze pia kwamba simu sasa haina viraka vya karibuni, kwa hiyo asifungue viungo vya ujumbe asioufahamu wala kusakinisha programu zilizotumwa kwenye magrupu. Kama simu hiyo ndiyo anayoifanyia miamala ya chama au ya duka, miamala hiyo ihamie kwenye kifaa kingine chenye mfumo mpya.